Mrija wa Omuse

Mjukuu wangu Omoding,

Barua yako ilifika. Huku tunaendelea. Wimbi tumeshavuna, kidogo tu, na miguu yangu inazidi kuwa mizito.

Umeniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kutembea kama unavyotembea sasa. Unasema daktari wa Nairobi ameona mabaka meupe kwenye picha ya ubongo wako, na ugonjwa huo umetoka upande wa mama yako, yaani kwangu.

Alikuwako. Ni kaka yangu, Omuse. Miaka ya sabini alikuwa akipeleka karatasi za malori kwenye forodha ya mpakani pale Malaba. Akaanza kuyumba barabarani, watu wakasema ni waragi, ile pombe kali ya ng'ambo, Uganda. Kwetu kila mwanamume alikuwa na mrija wake wa kunywea pombe ya wimbi pamoja na wenzake. Kunyang'anywa mrija ni kutolewa kati ya watu.

Siku moja baba akaniambia, "Leta mrija wa Omuse." Nikauleta. Akauvunja mbele ya wazee.

Omuse akasema tu, "Baba, mimi sijanywa."

Aliendelea kuyumba mpaka akashindwa kusimama. Tukasema anakunywa kwa kujificha. Picha za ubongo hatukuwa nazo, lakini masikio tulikuwa nayo.

Ukija, njoo na hiyo picha. Utanishika mkono twende kaburini kwa Omuse. Baba hayuko tena, na mrija niliuleta mimi.

Nyanya yako,
Angurai