Shahidi wa Zibakanwa

Mke mwenzangu mpendwa,

Hilo neno la mwisho nimeliandika bila kulazimishwa na mtu, kwa hivyo usinicheke huko uliko. Miaka ishirini na miwili tulikaa nyumba moja hapa Faza, wake wawili wa mume mmoja, na sikumbuki kukuita mpendwa hata siku moja. Nawe hukuniita. Tuendelee.

Mjukuu wako Salma, anayesoma chuo kikuu Mombasa, ameandika habari za zibakanwa katika ile ensaiklopidia ya mtandaoni, kitabu kisicho karatasi ambacho watu wa nti zote huandika mambo ya dunia. Ameeleza vizuri: kashata ndefu kama kidole, ya ufuta, nazi na sukari guru, ngumu hata mtu akiitia kanwani hawezi kusema neno, na ndiyo asili ya jina. Hazikupita siku tatu, mtu asiyemjua akabandika tangazo juu ya ukurasa wake kwamba ufutwe.

Akanipigia simu analia.

“Bibi, wanasema si maarufu.”

“Si maarufu kwa nani?”

“Kwa watu.”

“Na sisi ni nini, kasa?”

Akasema hakuna kitabu wala gazeti lililowahi kuitaja. Nikamuuliza tangu lini kashata ikahitaji cheti cha kuzaliwa. Imeliwa Faza, imeliwa Mtangawanda na kila aliyeshuka gatini, imevuka hadi Mkokoni kwa wavuvi wasiosifu kitu ila samaki wao. Naye akanisomea ukurasa wa peremende moja ya Ulaya iliyokoma kutengenezwa kabla sijazaliwa. Hayupo mtu hai aliyeionja, na ukurasa wake hauguswi, kwa kuwa zamani iliandikwa mahali. Nilikasirika, mwenzangu. Kisha nikapoa nikafikiri: kila mama akiandika kashata yake, kitabu hicho kitageuka sinia. Kuuliza wana haki.

“Wanataka shahidi,” Salma akasema. “Tena asiwe jamaa wa aliyeianzisha, kwa sababu jamaa husifu tu.”

“Na mwanzilishi umemwandika nani?”

“Wewe, Bibi. Si ndiyo?”

Nilisema chungu kinaungua, na chungu hakikuwepo motoni.

Wewe wajua. Ilikuwa siku ya kuwaandalia wageni wa Maulidi, nami ndiye niliyekuwa na zamu ya jiko. Niliiacha sukari guru motoni nikatoka kugombana na jirani, mbuzi wake ametafuna leso yangu mpya. Niliporudi sukari imekuwa nyeusi kama lami. Nikakugeukia wewe kwa makelele, ati umekaa ukiangalia tu. Ulimimina humo bakuli zima la ufuta, ukatia nazi, ukakamua ndimu na kutupia chumvi kidogo, ukaisukuma juu ya sinia kwa chupa, ukakata vipande virefu. Mimi bado napiga kelele. Ukanijia na kipande mkononi.

“Fungua kanwa,” ukasema. “Onda kwanda.”

Nikaonja. Nikanyamaza, kwa kuwa meno yalishikana. Mume wetu aliyekuwa barazani akapaza sauti: “Alhamdulillahi, imepatikana dawa ya kuziba kanwa!” Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, na jina likabaki.

Hayo ndiyo ya jikoni. Ya gatini ni mabaya zaidi. Tulikuwa Mtangawanda na ndoo yetu, mwalimu mmoja wa kike kutoka bara, mgeni kabisa, akanunua akatafuna. Akasema, “Jamani, hii ni tamu! Nani alianzisha?”

Nikasema, “Mimi.”

Uliinua mato ukanitazama, ukamfungia mwalimu vipande viwili vya nyongeza. Tukiwa ndiani kurudi, mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

“Mbona hukusema?”

“Niseme nini?” ukajibu. “Jina halitafuniki.”

Nilidhani ni unyonge wako. Nikaendelea kusema “mimi” kwa kila aliyeuliza, na wewe ukaendelea kupika, hadi damu yako mwenyewe, mtoto wa mwanao, akaliandika jina langu mbele ya dunia akijua anaandika kweli. Na wallahi nilifurahi kidogo. Nakwambia usije ukasikia kwa mwingine.

Bado nazipika. Ndimu naikosea kila mara. Ama kali, ama haipo. Watu wananunua kwa heshima.

Sasa wanataka shahidi asiye jamaa. Mimi kwako ni nani? Ukewenza si udugu. Muulize yeyote hapa Faza, mke mwenza akikusifu, watu humpeleka kwa tabibu. Basi hakuna shahidi wa mbali na wewe kuliko mimi. Salma amesema gazeti likiichapa barua hii, huenda wakaikubali, huenda wasikubali. Nimeiandika kwa mkono wangu, kwa kisomo cha ngumbaru, na asiyeipenda hati yangu afumbe macho.

Mimi, mke mwenza, nisiye na sababu ya kukusifu na niliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, nashuhudia kwamba zibakanwa ilianzishwa na wewe. Nilichofanya mimi ni kuunguza sukari na kusema uongo. Nimemwamuru Salma alitoe jina langu na kuandika lako. Alilia tena.

Wakitaka kuufuta ukurasa, na waufute, lakini wafute jina lililo sahihi.

Mola akulaze pema, na akinikutanisha nawe, zamu ya jiko ni yako.

Mimi,
Mke mwenzio
Faza