Mahali Tulipokukuta

Namwezi rafiki yangu,

Nimerudi kwenye mlima wa Kahuzi. Tangu tulipokuzika sijapata usingizi wa kweli, na kuna jambo unalolijua ambalo nilikuwa sijalisema kwa mtu.

Suruali uliyonishonea bado ninayo. Unakumbuka tulivyoficha zile suruali mbili chini ya vikwembe tulivyojifunga kiunoni, sababu mwanamke kuvaa suruali kumekatazwa na serikali, na askari wa barabara ya kwenda Miti hawana mchezo? Mwezi mzima tulijizoeza. Tukitoka kufundisha tunatembea Bagira mpaka Kadutu na kurudi, wewe mbele na kikohozi chako, mimi nahema. Watoto wa darasa lako walisema mwalimu wao anataka kufika mbinguni kabla ya padiri. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mara hii nilijizoeza peke yangu. Nilinunua bashi ya kujifunika mvua na trikoti nzito ya sufu, vitu ambavyo tulipaswa kuvibeba siku ile. Nikamtafuta Papa Cirhuza, yule yule aliyetuongoza. Alisema tuondoke mapema, mvua ya kule juu haingoji mtu.

Kwenye mianzi alisimama.

"Nani iko nyuma yako?"

"Hakuna mutu, papa."

Aliegemea fimbo akangoja kidogo, kama mtu anavyomngoja mwenzake anayetembea polepole, kisha akaendelea. Mimi sikugeuka. Nilikuwa nakisikia kikohozi chako tangu tulipovuka matope ya chini.

Juu ya mianzi, pale miti inapoota ndevu, tulifika kwenye lile jiwe ulipoteleza ukavunjika mguu. Namwezi, nilimwambia mama yako kwamba ulinituma. Nilimwambia ulisema, "Enda na Papa Cirhuza, mulete watu, mama asilie." Kwenye kilio alimkariria kila aliyeingia maneno hayo. Hukuyasema. Papa Cirhuza alikuwa ameshateremka kutafuta watu wa kukubeba, mvua ya mawe ikaanza, nikaogopa kufa pale. Nikasema namfuata. Ulishika kikwembe changu. Ulisema, "Nabintu, usiniache."

Nikavuta kikwembe.

Na tuliporudi na wanaume wanne, jua likielekea kuzama, hukuwa kwenye jiwe. Ulikuwa chini zaidi, njiani, uso kwenye majani. Ulikuwa umetambaa na mguu ule. Ulikuwa unanifuata mimi. Papa Cirhuza aliona, hakumwambia mtu.

Safari hii tulifika kileleni. Ziwa lote lilionekana, na kisiwa cha Idjwi katikati. Ulitaka sana kuliona kutoka pale. Nililitazama kidogo tu, nikashindwa, nikaomba tuteremke.

Kesho yake nilienda kwa mama yako. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilimwambia yote. Mikono yake haikusimama mpaka niliposema ulitambaa.

"Umbali gani?" aliuliza.

Nikamwonyesha: kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye migomba.

Akainuka. Akaitembea nafasi ile polepole, hatua kwa hatua, akafika kwenye migomba akasimama, mgongo kwangu. Nilingoja anifukuze. Alisema tu, "Mutoto wangu alikuwa na nguvu." Hakuniambia niende wala nibaki. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, mpaka akaingia ndani akafunga.

Sasa naenda kila Jumapili baada ya misa. Ya kwanza hakufungua. Ya pili nilikuta kapu la maharage kwenye kizingiti, nikachambua peke yangu, nikaondoka. Leo alitoka akakaa upande wa pili wa kapu.

Kikohozi chako bado nakisikia. Juzi nilikisikia darasani, mlango ukiwa wazi, watoto wakiandika. Sikutoka kuangalia. Niliacha mlango wazi.

Namwezi, sitasema tena kwa mdomo wako neno ambalo hukulisema. Mama yako akizeeka nitamchotea maji. Na akiniuliza tena habari za siku ile, nitamjibu kila mara, neno kwa neno, mpaka atakapochoka kuuliza, hata kama hatanisamehe.

Lala, dada yangu.

Nabintu