Kivimbe Ambacho Sikukitazama

Ngenge, Muleba
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu, ingawa najua baridi ya Mbinga haina huruma msimu huu, na kwamba kahawa ya shamba la juu imeshachumwa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na sina mwingine wa kumweleza bila kuficha kitu.

Jumatatu alikuja kituoni mkulima mmoja mzee, ambaye wote hapa humwita Ta Deo, yaani Baba Deo. Mbwa asiyejulikana alimuuma kwenye muundi, kisha akatokomea migombani. Kichaa cha mbwa kikishajitokeza kwa mtu, Mama, hakuna dawa. Kinga ni chanjo, tena iwahi. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, nikaandaa sindano.

Chanjo hiyo tunaichoma ndani ya ngozi yenyewe, si kwenye msuli. Kiasi kidogo sana hutosha, hivyo kichupa kimoja huhudumia watu kadhaa, mradi kikishafunguliwa kitumike siku hiyohiyo. Lakini kazi inadai utulivu. Sindano hulazwa karibu sawa na ngozi, tundu lake likielekea juu. Dawa ikikaa mahali pake, huinuka kivimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, dawa imepita chini, na inabidi kurudia.

Mgonjwa huchomwa mabega yote mawili. Kwenye la kushoto kivimbe kiliinuka. Nilipokuwa kwenye la kulia, Ta Deo akasema, “Ngozi hii imebeba mikungu tangu kabla mama yako hajaolewa. Sindano yako itapinda!” Nikacheka, nikachomoa, nikamgeukia mgonjwa aliyefuata. Jioni, nikijaza kadi yake, nilijiuliza kama nilikiona kivimbe cha pili. Sikuweza kujijibu.

Asubuhi nilimpigia simu dada mmoja wa Bukoba aliyenifundisha kazi hii. Akaniambia, “Kurudia hakumdhuru. Kutorudia ndiko hujui kutamfanya nini.” Tatizo ni kwamba tulibakiwa na kichupa kimoja tu, na Alhamisi watu watatu, Ta Deo akiwamo, walitakiwa kurudi kwa dozi ya pili. Ningekifungua kwa bega moja, hao wote wangetegemea gari la chanjo kutoka Bukoba, ambalo hakuna aliyeweza kuniahidi.

Nilikitia kwenye kisanduku cha baridi, nikapanda pikipiki hadi kwake. Mkewe, Ma Paskazia, alinikaribisha kwa buni za kutafuna, kama ilivyo desturi yao kwa mgeni. Nilipomweleza hofu yangu, akanishika mkono.

“Tulia, mwana wange. Kivimbe kilikuwapo. Tulipofika nyumbani nilikikanda mwenyewe kwa jani la mgomba lililopashwa moto, mpaka kikanywea.”

Mama, nilifarijika mno. Nilikwishainuka niage. Ndipo nikakumbuka kwamba kivimbe kile hakidumu hata saa moja, nao walitembea zaidi ya saa mbili kurudi nyumbani. Alichokanda hakikuwa kile nilichokitafuta. Huenda ilikuwa damu iliyovilia. Huenda dawa ilikuwa imeshuka chini. Au huenda nilikuwa natafuta tu sababu ya kujitesa.

Nikasema itabidi turudie.

“Kwa hiyo jana ulikosea?” Ta Deo akauliza.

“Sijui, Tata. Huenda sikukosea. Sikutazama.”

“Nimetibiwa tangu ujana,” akasema, “sijawahi kumsikia mtu wa koti jeupe akisema hajui.”

“Vua shati, acha maneno,” mkewe akamkemea. “Ukianza kubweka humu ndani nitakufunga kwenye mgomba!”

Nilifungua kichupa. Safari hii hakuna aliyecheka. Kivimbe kiliinuka, cheupe, na Ma Paskazia tayari alikuwa amenyoosha mkono na jani lake. Nikauzuia. “Hiki hakikandwi, Mama.”

Alhamisi wagonjwa walikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nilikuwa nikiwatazama na kuihesabu saa kuliko wao. Gari lilifika alasiri. Wote watatu walichomwa, na kila bega nilisubiri.

Kesho ni dozi ya mwisho ya Ta Deo. Baada ya hapo zitakuja wiki za kungoja kama ugonjwa utajitokeza, na humo hakuna kivimbe kitakachonipa jibu. Kwenye kadi yake nimeandika: “Dozi moja imerudiwa, mchomaji hakutazama.” Mwenzangu alinishauri niache neno “imerudiwa” peke yake. Nimeyaacha yote. Sijui kama huo ni uaminifu au ni namna nyingine ya kujipa umuhimu.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, shangazi wa kigangoni, na baba mdogo fundi cherehani. Mwambie sketi imenikaa vizuri. Ukisali, nitaje mimi, lakini Ta Deo umtaje kwanza.

Mwanao,
Leokadia