Alama ya Utepe Mwekundu

Dada Tuulia,

Pole na mgongo huko hospitalini. Huku nyumbani hatujambo. Matunda ya msituni yameiva nyuma ya sauna, na mama anayachuma huku akiwatukana mbu.

Uliniomba niipake tu cheni ya baiskeli yako mafuta. Dada, nimekuwa nikiiendesha. Barabara ya changarawe ya vilimani imekauka vizuri, nateremka hadi ziwani nikipiga kelele kama mwehu. Kwenye kibanda cha wapita njia nimemchanjia kuni atakayefuata, kama ulivyonifundisha, nikajiona mtu mwema.

Kila nikitoka napandisha kiti. Nikirudi nakishusha hadi kwenye alama yako ya utepe mwekundu, maana mama huniuliza mlangoni, "We ngongoti, umekishusha kiti cha mwenzio?"

Juzi nilimkuta ametoka kuzungumza na daktari wako kwenye simu. Nikainama nikishushe. Akasema taratibu, "Kiache tu juu, mwanangu."

Nikakiacha. Na kabla sijaelewa alichomaanisha, dada, nilifurahi.

Leo nimekishusha. Njoo unigombeze mwenyewe.

Mdogo wako,
Eetu