Chumba Chenye Kufuli

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama naye shikamoo yake. Mimi mzima, ila sina raha tangu nisikie habari za kimbunga. Simu zenu hazipatikani na mabasi hayapiti, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la misaada. Mmelala wapi? Chumba changu kina zege juu. Kama kimesimama, vunjeni kufuli muingie. Mama aandike japo mstari mmoja, niuone ule mwandiko wake wa kuku.

Binti yenu

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, nina mikwaruzo tu. Mabati yamekwenda kusikojulikana, na ukuta wa chumba chetu umelala chini. Chako hakina hata ufa. Kazi ya mkono wangu hiyo. Naokota matofali mazima, nayagonga saruji ya zamani itoke, nayapanga upya. Nalala chini ya turubai. Mama yako hawezi kuandika kwa sasa.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Matofali umeyaeleza vizuri, mama umempa mstari mmoja. Na turubai la nini, chumba kizima kipo? Sema tu, baba, mimi si mtoto. Ameumia?

Binti yako

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Keti kwanza.

Mama yako hatunaye. Tulimzika siku ya pili baada ya kimbunga. Kila siku nilishika kalamu nikuambie, nikaishia kwenye matofali.

Bati la kwanza lilipong'oka nilimwambia tuhamie chumbani kwako. Akagoma. Alisema ufunguo unao wewe, na godoro lako bado liko kwenye nailoni ya dukani. Mtoto arudi likizo akute tumemvurugia? Tukabaki kwetu. Ukuta ulianguka upande wake.

Sasa unajua kwa nini silali humo.

Baba yako

24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimelia mpaka sauti imekauka. Kufuli lile nililiweka kwa ajili ya vumbi, baba. Vumbi tu. Sikuwahi kumwambia mama asiingie, na sikuwahi kumwambia aingie. Nijibu bila kunionea huruma: unanilaumu?

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo sikuulizi hali, naijua.

Hapana, sikulaumu. Mimi ni mwashi wa miaka thelathini. Nyundo nilikuwa nayo mkononi, nimetoka kupigilia dirisha. Pigo moja lingetosha. Lakini asubuhi ile tulikuwa tumegombana, jambo la kipuuzi, sikutaka kubishana naye tena siku hiyo hiyo. Nikasema, haya mke wangu, kama utakavyo. Akafurahi kweli, maana si kawaida yangu kukubali upesi.

Barabara ikifunguka, njoo. Ukiona una neno la lawama, niambie mimi.

Baba yako