Mama Donatille, Uliyekataa Bia ya Upatanisho

Mwaka umetimia, Mama, tangu ugonjwa wa sukari ukuondoe kwetu. Pale mtaani Birere cherehani yako anaitumia binti yako Julie sasa, lakini bado wanapita watu wenye nguo iliyochanika mkononi, wanachungulia na kuuliza, "Mama mwenyewe iko wapi?"

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla hadithi haijafika penye kichekesho. Kwenye kwaya sauti yako ilikwenda njia yake peke yake, na hakuna aliyethubutu kukuambia, maana hakuna aliyeimba kwa furaha kama wewe. Mtu alikuja kupunguziwa suruali, akaondoka na suruali, fungu la majani ya sombe na maneno ya kumsalimia mama yake.

Vita vilipowafukuza kutoka Masisi mlishuka Goma kwa miguu, mwanao Modeste ameshika kitenge chako, Julie yuko mgongoni, mume wako Papa Ézéchiel mbele na godoro kichwani. Mtaani Majengo mkapokelewa katika chumba cha mbao na watu msiowajua. Hukuwasahau watu wale. Ndiyo sababu, vita vilipochacha tena na wakimbizi wa Rutshuru wakajaa mjini, uwanja wa nyumba yetu haukukosa wageni.

Kahambu alikuja wakati huo, akapanga nyumba ya jirani na mume wake Cyprien na watoto wao. Cyprien alikuwa akimpiga. Sote tulisikia, na sote tulijifanya hatusikii, mpaka siku alipomvunja mkono.

Kesi ikapelekwa kwa muzee Léopold, shefu wa avenue yetu, yaani kiongozi wa barabara tunayokaa. Wakati ule mambo hayo yalimalizwa hivi: mwanaume analeta kasha la bia, wazee wanakunywa, mwanamke anaomba msamaha, anarudi kwake. Cyprien alikwisha kuleta bia. Kahambu alikaa chini kwenye mkeka, mkono umevimba, anasubiri kuambiwa apige magoti.

Ukaingia bila kuitwa.

"Muzee," ulisema, "mbele ya mutu kufungua chupa, tuulize kwanza mukono ya huyu mama kama imepona."

"Mama Modeste, hii ni mambo ya nyumba ya watu," muzee Léopold alikujibu. "Watu wanakufa na mabombe, na weye unatuletea maneno ya mukono?"

"Alikimbia mabombe, muzee. Tulimupokea hapa ili apigwe?"

Hukungoja jibu. Ulimwinua Kahambu, ukampeleka hospitali, ukatoka naye huko mkono umefungwa plasta, mkawachukua watoto, mkaja nao kwetu.

Papa Ézéchiel aliogopa, na hakuficha. "Donatille, utatuletea vita ndani ya nyumba."

"Iko tayari ndani ya nyumba, Papa Modeste. Ni vile tu ilikuwa nyumba ya jirani."

Kesho yake Cyprien alikuja, akapiga mabati kwa mawe, akaapa kumtoa mke wake kwa nguvu. Wewe ulichukua sinia ya maharagi, ukakaa kwenye kizingiti, ukaanza kuyachambua. Mama wa ng'ambo ya barabara akaja na maharagi yake. Akafuata mwingine, na mwingine, Wakristo na Waislamu, mpaka mlango ukazibwa na wanawake wanaochambua maharagi na kumtazama Cyprien. Alitukana mpaka akachoka. Akaondoka. Aliporudi aliwakuta palepale, na siku iliyofuata pia, mpaka akaacha kuja.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Wewe ulisema mlango mmoja hautoshi, kwa sababu si kila mwanamke ana jirani mwenye kichwa kigumu. Ukazunguka avenue moja baada ya nyingine. Ukaomba kusikilizwa katika mkutano wa mashefu wa mtaa. Wakakukatalia. Ukaomba tena, wakasema unaharibu ndoa za watu. Ulipopata nafasi hatimaye, tulidhani utaongea wewe. Ulimpa nafasi hiyo Kahambu.

Alisimama mbele ya mashefu. "Nilitoka Rutshuru na mutoto mugongoni, risasi zinalia nyuma," alisema, "na sikulia. Nimelia hapa, ndani ya nyumba yangu, sababu ya mutu niliyemupikia."

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa muzee Léopold. "Ile bia nilikunywa miaka mingi," alisema. "Mimi sitaikunywa tena."

Siku hiyo mashefu walikata neno: hakuna shefu atakayepokea kinywaji kwa kesi ya mwanamke aliyepigwa. Kwanza hospitali, halafu polisi. Na anayetoka nyumbani ni yule aliyepiga. Mama na watoto wanabaki. Ilitangazwa kanisani na msikitini, na mitaa ya jirani ikaja kuuliza mlifanyaje. Uliwajibu mlivyofanya, kisha ukawauliza wanaanza lini.

Vita vimekwenda na kurudi tangu hapo, Mama. Mashefu wamebadilika. Neno lile halijabadilika, kwa kuwa wanawake wa Majengo hawaruhusu. Kahambu mwenyewe ndiye anayewafundisha mashefu wapya.

Wiki iliyopita, asubuhi, alifika mwanamke tusiyemjua, jicho limefungwa kwa uvimbe, akasema ameelekezwa kwa Mama Donatille. Tulikosa namna ya kumwambia kwamba hupo tena. Papa Ézéchiel ndiye aliyeinuka, akampokea mfuko wake.

"Ingia, mama," alimwambia. "Umefika."

Tunaokuandikia ni sisi: mume wako Ézéchiel. Watoto wako Modeste na Julie. Wajukuu uliowabeba na wale ambao hukuwahi kuwaona. Dada yako Jolie. Pamoja na Kahambu na wanawe, uliowaita wako na wakawa wetu.

Lala kwa amani, Mama. Wewe huwezi kusahaulika katika nyumba hii.