Dereva Mbovu

Baba Shaon,

Khichuri, ule wali wa dengu, iko jikoni, ipashe moto mwenyewe. Kompyuta ~~usiiguse, nitaitengeneza nikirudi~~ iguse tu, uitengeneze mwenyewe.

Asubuhi fundi alipokwambia kwenye simu, "Inazimika kwa sababu ya dereva mbovu, mtoe, mrudishe wa zamani," alikuwa anazungumzia programu ya kuendeshea kioo cha kompyuta, ambayo mafundi huiita dereva. Wewe ukamfukuza Mokhles, dereva wetu wa gari, mbele ya majirani, chai yake hata hajamaliza. Kisha ukamwita Latu, dereva wetu wa zamani, yule aliyelitumbukiza gari bwawani.

Nimepanda rikshoo kwenda kumwomba Mokhles radhi. Latu anakungoja getini.

Na kama dawa ya kibovu ni kurudisha cha zamani, usisahau kwamba nami niliwahi kuchumbiwa na mwingine kabla yako.

Mama Shaon